Sanaa Husomwa, Hairithiwi: Funzo la Ahmed Abdul-Malik

Kuna neno ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea hata hatulipimi tena. Ni lile la kusema kwamba fulani "ana damu ya tarabu". Akitokea kijana hodari wa kupiga udi, la kwanza tuulizalo si nani aliyemfunza. Tunauliza ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, mzaliwa wa wapi. Tukiambiwa kwamba babake au babuye alikuwa mpigaji, basi shauri limekwisha: ni damu hiyo! Leo nataka kulipinga neno hili, na shahidi wangu nimemtoa mbali, New York, Marekani, katika muziki uitwao jazi. Shahidi huyo ni marehemu Ahmed Abdul-Malik, mpigaji besi na udi, ambaye baadaye alikuwa maalim wa muziki, na ambaye maisha yake yanatuhusu sisi huku kuliko wengi tunavyodhani.

Kabla sijaendelea, nitoe udhuru kwa masheikh wetu. Nayajua maneno yao juu ya ala za nyuzi, na hitilafu za wanazuoni katika jambo hilo ni kongwe. Mimi si mufti, wala sikukusudia kuhukumu lipi halali na lipi haramu. Nazungumzia jambo ambalo tayari liko kwetu, arusini na barazani, na ambalo likifa halitakufa kwa fatwa bali kwa uvivu wetu wenyewe.

Abdul-Malik alizaliwa Brooklyn, upande mmoja mkubwa wa mji wa New York, mwezi wa Januari 1927. Alianza na fidla angali mtoto, kisha akasoma katika skuli ya serikali mjini Manhattan iliyowekwa makusudi kwa vijana wenye vipaji vya muziki na sanaa. Alijifunza ala zaidi ya moja, lakini iliyompa riziki ni besi.

Msomaji asiyeijua besi na aifikirie fidla ya tarabu iliyokua mpaka ikampita mtu kwa urefu. Ina nyuzi nne nene, na mpigaji husimama nayo akaikumbatia. Katika jazi aghalabu haipigwi kwa uta, hupigwa kwa vidole. Kazi yake si kung'ara mbele ya watu. Kazi yake ni kushika mwendo na kuweka msingi ambao wengine wote husimama juu yake, na ikikosea hatua moja jengo zima huyumba.

Tena besi ina sifa moja ambayo mtu wa pwani ataifahamu upesi. Shingo yake ni laini, haina vigawanyo vya kukiambia kidole mahali pa kukaa, kama lilivyo gita. Udi nao ni vivyo hivyo. Katika kinanda sauti zimepangwa kama vidato vya ngazi, nawe huwezi kusimama baina ya kidato na kidato. Lakini muziki wa Kiarabu una sauti zinazokaa papo hapo katikati, na bila ya hizo maqamu kama rasti na bayati haziwi. Mtu aliyelizoeza sikio lake na kidole chake kwa besi amekwisha kupata mlango wa kuingilia katika udi. Mlango tu, sisemi nyumba.

Nyumba yenyewe aliipata kwa majirani. Brooklyn ilikuwa na jamii kubwa ya Waarabu wa Sham, Wasyria na Walebanoni, waliohamia Marekani tangu mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Maduka yao ya viungo, vitamutamu na sahani za santuri yalijipanga katika barabara ya Atlantic Avenue. Abdul-Malik, aliyekuwa Mwislamu tangu ujana wake, akawa anakwenda kupiga katika arusi na karamu zao. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chake cha pili. Wenye kuijua arusi ya Kiarabu wanajua kwamba si pahali pa kubahatisha. Ukikosea maqamu, wazee waliokaa vitini watakutazama kwa jicho ambalo hutalisahau.

Usiku mwingine alikuwa na mabingwa wa jazi. Rafiki yake wa tangu ujana alikuwa Randy Weston, mpigaji kinanda aliyefariki mwaka 2018, na katika miaka ya 1950 Abdul-Malik alikuwa mpigaji besi wake. Weston huyo ndiye aliyerekodi mwaka 1960 kazi iitwayo Uhuru Afrika, ambamo shairi la Langston Hughes lilisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu wale walikuwa mbali nasi. Walikuwa wakitutegea masikio kabla sisi hatujawasikia.

Mwaka 1957 Thelonious Monk, mpigaji kinanda ambaye jazi ya leo haisimuliki bila ya jina lake, alimtia Abdul-Malik katika kundi lake la watu wanne lililokuwa likipiga usiku kwa usiku katika kilabu cha Five Spot. Mpigaji saksafoni wa kundi hilo alikuwa John Coltrane. Tarehe 29 Novemba mwaka huo walipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall. Utepe wa usiku ule ulilala katika Maktaba ya Bunge la Marekani hata ukasahauliwa, na haukupatikana ila mwaka 2005, ndipo ukatolewa kwa watu. Ukiusikiliza utamsikia Monk akipiga, akinyamaza, kisha akirudi pale usipomtarajia. Utamsikia Coltrane akimimina sauti kama mvua ya masika. Na baina ya wawili hao yuko mtu mmoja ambaye hayumbi wala hakimbii. Ndiye huyu ninayemsimulia.

Mtu mwingine angetosheka na heshima hiyo. Yeye mwaka 1958 akatoa santuri yake mwenyewe, Jazz Sahara. Mle alimleta Johnny Griffin, mpigaji saksafoni aliyemfuatia Coltrane katika kundi la Monk, akamkalisha pamoja na Naim Karacand, bingwa wa fidla mzaliwa wa Aleppo, na Jack Ghanaim katika qanuni, tena na dumbak na dufu. Yeye mwenyewe akapiga besi na udi. Majina ya vipande vyake hatuhitaji mkalimani wa kutufahamisha: "Ya Annas", "Isma'a", "Farah' Alaiyna". Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Niliona kama niko katika arusi ya kwetu, wakati wa bashrafu, mwimbaji hajafungua kinywa, mara akaingia mgeni na saksafoni yake, na wenyeji wakamsogezea kiti.

Hapo namsifu kwa jambo moja hasa. Wengi wanaotaka kuuchanganya muziki wa Mashariki na wa Magharibi hutia dumbak kidogo na udi kidogo, mfano wa mtu anyunyizaye marashi juu ya kanzu isiyofuliwa. Abdul-Malik hakufanya hivyo. Aliwaweka mafundi wa Kiarabu kitako katikati, akamtaka mtu wa jazi ajipatie njia yake ndani ya maqamu zao. Huo ndio uungwana wa kisanaa: ukenda kwa watu, vua viatu mlangoni.

Baada ya hapo zilifuata kazi nyingine, kama East Meets West iliyotoka mwaka 1960 na Sounds of Africa ya mwaka 1962. Mwaka 1961 serikali ya Marekani ilimpeleka Amerika ya Kusini, na huko alipiga udi. Mwaka huo huo Coltrane alipokuwa akirekodi katika kilabu cha Village Vanguard alimwita, si kwa besi, kwani wapigaji besi alikuwa nao, bali ili aongeze ala ya nyuzi ya Mashariki. Hata hivyo hakupata sifa ya Monk wala ya Coltrane, na baada ya Spellbound ya mwaka 1964 hakutoa santuri nyingine kwa jina lake.

Alikwenda wapi? Alikwenda kufunza. Tangu mwaka 1970 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha New York, na baadaye katika idara ya masomo ya Kiafrika ya Brooklyn College. Mwaka 1972 alipiga Morocco katika tamasha kubwa la jazi. Mwaka 1984 chama cha haki za watungaji wa Marekani kiitwacho BMI kilimpa tuzo ya waasisi wa jazi, kwa ajili ya kazi yake ya kuunganisha muziki wa Mashariki ya Kati na jazi. Alifariki mwaka 1993. Wapenzi wa santuri huipita miaka hiyo ya ualimu kwa mstari mmoja, kama kwamba mtu akishika chaki amekwisha. Mimi naiona ndiyo miaka iliyoipa maana yote iliyotangulia. Alichokipokea kwa wazee wa Atlantic Avenue na kwa Monk alikiweka mbele ya vijana wasiokuwa wanawe wala wa ukoo wake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Abdul-Malik alikuwa akisema kwamba babake ni Msudani. Habari hiyo iliandikwa na kurudiwa kwa miaka mingi, na najua wako wasomaji wa Mvita, Lamu na Malindi ambao wakiisikia watatikisa kichwa na kusema: "Kumbe! Ndiyo maana udi ulimkubali. Ni damu ya Mto Nili hiyo."

Hasha. Mwaka 2012 mwanahistoria Robin D. G. Kelley alitoa kitabu juu ya wanamuziki wa jazi na Afrika, na humo alionyesha kwamba mtu huyu alizaliwa akaitwa Jonathan Tim, na wazazi wake walitoka kisiwa cha St. Vincent, katika bahari ya Karibi. Hakuwa na babake Sudan. Watu wake walikuwa wa visiwa vile vilivyojazwa Waafrika waliouzwa, na katika ukoo wake udi haukuwamo.

Nini hukumu yetu? Dini yetu haina mzaha katika jambo la nasaba. Tulifunzwa chuoni, tungali na ubao mkononi, kwamba haifai mtu kujinasibisha na asiyekuwa babake, na jina la kubadilisha mtu anaposilimu ni jambo moja, na baba wa kubadilisha ni jambo jingine. Sitamtetea kwa hilo. Hesabu yake iko kwa Mola wake, nasi tunamwombea rehema. Lakini nawaomba wenzangu wasimcheke. Huyu ni mtu ambaye nasaba ya wazee wake ilikatwa katika matumbo ya majahazi ya watumwa, akazaliwa katika nchi iliyomdharau mtu mweusi mchana na kumpigia makofi usiku akiwa jukwaani. Akatafuta mti wa kuegemea, akautafuta Afrika na katika Uislamu. Na sisi tunaomtazama kwa mbali, je, tumeepukana na hayo? Ni wangapi hapa pwani ambao babu yao wa tatu wanamjua, wa nne wanamdhania, na wa tano wamemsafirisha ng'ambo ya bahari kwa kalamu yao wenyewe?

Lenye uzito zaidi ni hili. Mwanachuoni yule aliung'oa mti wa nasaba, na muziki haukuanguka. Jazz Sahara ni ile ile kabla ya 2012 na baada yake. Qanuni haikupungua utamu wala udi haukupotoka sauti. Basi muziki ule haukuwa umesimama juu ya damu hata siku moja. Ulisimama juu ya miaka ya kukaa na mafundi, kusikiliza, kukosea, kusahihishwa na kurudia. Na tazama uadilifu wake wa kazi: katika Spellbound yeye alishika besi, na udi akampa Hamza El Din, Mnubi wa Toshka, mtu wa Nili kwa kuzaliwa. Aliyejua kazi alijua pia wakati wa kumpa mwenziwe nafasi.

Turudi kwetu. Hiyo tarabu tunayoiita ya damu ilikujaje? Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze qanuni, aje awafunze wengine. Ilianza kwa mtu kutumwa chuoni! Chama cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905 kilikuwa cha watu waliotaka kujifunza ala. Na Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay akarekodi nyimbo kwa Kiswahili, alikuwa binti wa wanyonge wa Fumba. Kama watu wa zama zake wangeshikilia koo tu, angekufa akiuza vyungu, na tarabu ya Kiswahili ingekosa mamake.

Lakini leo tunafunga milango. Nakijua kisa cha kijana mmoja ambaye wazazi wake walitoka bara, naye akakulia Mombasa, Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Aliupenda udi akamwendea fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aombe kufunzwa. Akaambiwa kwa upole kwamba udi si wa kwao. Kijana akaondoka akanunua gita. Na wana wa fundi yule, wenye hiyo damu, wanapiga kinanda cha umeme kinachotoa sauti ya udi kwa kubonyezwa. Yupi kati yao amepata hasara? Naona tumehasirika sote.

Alipofariki Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, mwaka 2016, kila baraza ilisema pengo lake halitazibika. Ni maneno ya matanga, na yanafaa kwa matanga. Lakini siku arubaini zikisha, inatupasa kuuliza ni vijana wangapi walio na udi mkononi na mtu wa kuwasahihisha. Wenzetu wa Unguja walianzisha Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002, kikafunza udi, qanuni na fidla kwa vijana waliotaka kujifunza, bila ya kuwauliza babu. Hilo ni jambo la kuigwa, si la kuonewa haya.

Sisemi tungoje jengo wala tungoje serikali. Kila kikundi cha tarabu kingeweka jioni moja kwa wiki ya kufunza, mlango wazi, ala mbili tatu za kujaribia. Wazee wenye maqamu na bashrafu za zamani wangekaa na vijana wenye simu, zikarekodiwa polepole, kidole kwa kidole, pamoja na jina la kila moja. Na sisi waandishi tungeacha kuandika "mwana wa fulani" kila tunapomsifu mpigaji, tukaandika "mwanafunzi wa fulani". Ni neno moja tu, lakini litawafanya mafundi waone fahari ya kuwa na wanafunzi.

Ama mimi, kwa kuwa kazi yangu nyingine ni mashairi, nawaachia ubeti huu:

Elimu haina choyo, haiulizi nasaba,
Hushikwa na mwenye moyo, si mwenye jina la baba,
Kijana asiye nayo, mfunzeni kwa mahaba,
Sauti ifichikayo, itazikwa na sahiba.